Barua za Mwezi: Yamane tena, kitabu cha 1993 na moyo uliohama upande

Barua zenu za maswali ya picha za tiba na utafiti nimezichambua barazani baada ya sala ya alasiri, na kama kawaida nusu yake ni swali moja lililobadilisha kanzu. Haya, tuanze.

Maalim, asalaam aleikum. Naomba unitajie vitabu bora vya picha za tiba na vya mbinu za utafiti. (Mwanafunzi, Tunguu)

Waaleikum salaam. Vya kufanyia nini? Nimeuliza hivyo mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake. Anayepiga picha, anayesoma picha na anayezitengeneza mashine hawasomi kitabu kimoja, ingawa maktaba imewaweka rafu moja. Andika tena, useme uko mwaka wa ngapi na ni jambo gani hasa limekushinda. Ukishindwa kulitaja hilo, hata nikikutajia kitabu utakitia begani tu.

Nimenunua Darajani kitabu kinene cha fizikia ya eksirei, chapa ya 1993, kwa shilingi elfu kumi na tano. Mwenzangu ananicheka kuwa nimetupa pesa. (Mpiga picha, Chake Chake)

Mwambie acheke kidogo kidogo. Mionzi aliyoigundua Röntgen pale Würzburg Novemba 1895 ndiyo hiyo hiyo inayotoka kwenye mashine yako leo. Ukisogea mbali mara mbili bado inapungua mara nne, na mfupa wa paja haujahama. Sura za mwanzo za kitabu hicho zisome zote, tena kwa kalamu mkononi. Ndizo sura ambazo nyinyi vijana mnaziruka kukimbilia picha.

Sura ya chumba cha giza utaiona kama hadithi za mabibi, lakini isome mara moja. Zama za filamu, ukizidisha mionzi filamu ilitoka nyeusi kama sufuria ya kuni, na mkubwa wako aliijua aibu yako kabla haijakauka. Mashine za kidijitali zinakusitiri: zinarekebisha mwanga zenyewe, picha inatoka nzuri, na mgonjwa amekula mara mbili ya mionzi aliyostahili bila ya mtu kusema kitu. Ndiyo maana kuna ile namba ya kipimo cha mionzi pembeni ya picha. Unaiangalia? Sidhani.

Palipochakaa hasa ni penye kinga. Kitabu chako kitakuambia umfunike mgonjwa sehemu za uzazi kwa bamba la risasi kila unapopiga picha ya nyonga. Mwaka 2007 tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, ICRP, iliteremsha uzito wa viungo vya uzazi katika hesabu zake, yaani fungu lao la hatari ya mionzi, kutoka 0.20 hadi 0.08, na ikaupandisha wa matiti kutoka 0.05 hadi 0.12. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, AAPM, kikasema kufunika huko kwa mazoea kuachwe, kwa sababu risasi ikikaa vibaya huficha kinachotafutwa, na mashine inayojipima yenyewe huongeza mionzi ikiona kiza. Kwa hivyo kitabu cha 1993 kwa maumbile ya mionzi, sawa. Kwa kanuni za kazi, uliza toleo jipya.

Altrasaundi ina mionzi? (Mama mtarajiwa, Fuoni)

Haina, mwanangu, ni sauti tu. Lakini hiyo si ruhusa ya kwenda kila wiki kuuliza kama ni mwanamume.

Natafiti kama altrasaundi ya kibofu inaweza kugundua kichocho kwa watoto wa skuli mbili za hapa Pemba. Watoto wote ni 400. Kwa fomula ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli nimepata 200. Msimamizi amenirudishia bila ya maelezo. Kosa liko wapi? (Mwanafunzi wa uzamili, Wete)

Yamane tena! Ningekuwa nalipwa kwa kila tasnifu yenye fomula hii ningeshajenga ghorofa Mbweni.

Hesabu yako safi: 400, ugawe kwa moja ukijumlisha na 400 mara 0.05 mara 0.05, unapata 200 kamili. Sasa weka watu 1,889,773, hesabu ya Zanzibar nzima katika sensa ya 2022. Unapata 400. Fomula hiyo, iliyomo kwenye kitabu cha takwimu cha Taro Yamane cha 1967, inajibu swali moja tu: ni asilimia ngapi ya watu wana jambo fulani, kwa kukosea asilimia tano huku au huku, ikiwa watu wenyewe wametolewa kwa kura. Wewe hukuuliza hilo. Umeuliza kifaa kinawanasa wagonjwa wangapi na kinawaachia wazima wangapi. Kunasa hupimwa kwa wagonjwa peke yao. Tuseme kichocho kiko kwa watoto watano katika mia: kwenye 200 zako una wagonjwa 10. Altrasaundi ikiwaona 9, utaandika kwa fahari "asilimia 90". Ukweli wake uko popote baina ya 56 na karibu 100. Huko chini kwenye 56 hakuna tofauti kubwa na kurusha shilingi.

Halafu unalinganisha na nini? Umeandika mkojo wa siku moja, mililita 10 kwenye kichujio. Mtoto mwenye minyoo michache anaweza kutoa mkojo bila ya yai hata moja siku hiyo, akaandikwa mzima, na altrasaundi iliyoona ukuta wa kibofu chake umenenepa ikaandikiwa kosa. Chukua mkojo wa siku kadhaa. Tena kumbuka altrasaundi haioni mnyoo, inaona madhara. Aliyekwisha meza prazikwanteli, dawa ya kichocho, anaweza kuwa hana mayai na ukuta wake bado haujarudi. Hivyo ni vitu viwili, na tasnifu yako inaviita kimoja. Na hizo alama za kibofu ulizozibuni mwenyewe zifute: WHO ilitoa mwongozo wake mwaka 2000, uliotokana na mkutano wa Niamey, Niger, na umeeleza uangalie wapi na uhesabu vipi.

La mwisho nusura nilisahau. Watoto wako umewapata kwa "waliokuwepo siku ile". Mnunuzi wa karafuu anayechota juu ya gunia tu humfurahisha sana muuzaji. Na waliotoroka skuli kwenda kuoga mtoni ndio hasa uliokuwa ukiwatafuta.

Nina vitabu 340 vya tiba kwenye flashi. Nianze na kipi? (Dakhalia, Unguja)

Anza kwa kufuta 335. Sisemi kwa mzaha. Sijapata kumwona mtu mwenye vitabu mia tatu aliyemaliza kimoja. Kisha nenda kwa mkutubi wa chuo chako umuulize kuhusu Hinari, mpango wa WHO ulioanza 2002 wa kuzifungulia taasisi za nchi kama yetu majarida na vitabu vya afya. Nywila huwa ya taasisi, si yako, usiibandike kwenye grupu la WhatsApp. Ikizibwa mtaikosa nyote.

Binti yangu yuko mwaka wa pili, anataka atlasi ya picha za kifua. Bei yake inaushinda mshahara wangu. Nikimpigia fotokopi haitoshi? (Baba, Jang'ombe)

Mzee wangu, tuache pembeni haki ya mwandishi, maana najua hali. Kitabu cha maneno kikipigwa fotokopi bado ni kitabu. Atlasi ikipigwa fotokopi ni karatasi. Nilimkuta kijana mmoja amejiinamia juu ya ukurasa wa pafu lililosinyaa kwa hewa iliyovuja nje yake. Ugonjwa huo kwenye picha ni mstari mwembamba kama uzi wa buibui karibu na mbavu, na nje ya mstari hakuna mishipa. Mashine ya fotokopi haijui kijivu, inajua nyeusi na nyeupe. Uzi umekwenda zake, mbavu zimebaki kama ngazi, na mshale wa mwandishi upo pale pale unaonesha patupu. Kijana alikuwa ameandika pembeni kwa penseli: "mbona sioni?" Masikini, alidhani macho yake ndiyo mabovu.

Picha moja ya CT, ile eksirei inayouonesha mwili kipande kwa kipande, hubeba ngazi za kijivu kama elfu nne, maji yakiwa sifuri na hewa kutoa elfu moja, ndiyo maana hata kwenye skrini huangaliwa kwa dirisha moja moja, yaani fungu moja la kijivu hizo kwa wakati: la mapafu, la mfupa, la nyama laini. Mwambie binti wachange wanne wanunue nakala moja halisi. Kwa altrasaundi asinunue kitu kwanza, mwongozo wa WHO wa majuzuu mawili, 2011 na 2013, unapatikana bure. Na amuombe mwalimu wake nusu saa kwa wiki mbele ya skrini ya hospitali. Hiyo haina bei, ila vijana wanaona haya kuomba.

Kitabu chetu kinasema kipimo kikiwa sahihi kwa asilimia 95, basi aliyeonekana na ugonjwa anao kwa asilimia 95. Mwalimu anakataa. Nani mkweli? (Fundi wa maabara, Mwanakwerekwe)

Mwalimu. Na kitabu hakikusema hivyo, umekisoma mbio.

Chukua watu 1,000 na ugonjwa ulio kwa mmoja katika mia. Wagonjwa ni 10, wazima 990. Kipimo kinachonasa wagonjwa 90 katika 100 kitawaona 9. Kikiwa kinawaachia wazima 95 katika 100, kitawasingizia wazima kama 50. Una watu 59 wenye jibu la "ndiyo", na wenye ugonjwa kweli ni 9 tu. Sasa chukua kipimo hicho hicho ukipeleke mahali nusu ya watu ni wagonjwa: 450 wa kweli, 25 wa kusingiziwa. Kifaa hakikubadilika hata chembe, ni watu waliobadilika.

Hili kwetu si la vitabuni. Malaria hapa visiwani imeteremka chini ya asilimia moja. Wazee wetu homa yoyote waliitia malaria na mara nyingi walipatia. Wewe ukifuata mkumbo huo leo, ukapima kila anayepita mlangoni, majibu yako mengi ya "ndiyo" yatataka kutazamwa mara ya pili. Muulize mgonjwa ametoka wapi kabla hujamchoma kidole.

Na kwa kuwa umelifungua, niseme la moyoni: hizi zahanati zinazotangaza "uchunguzi wa mwili mzima" kwa altrasaundi, kwa mtu asiyeumwa popote, zinauza hao 50. Mtu huingia mzima akatoka na uvimbe mdogo wa ini usio na madhara, na usingizi hana tena.

Kwa nini unashikilia fomu ya idhini iandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo na isitafsiriwe? (Msimamizi wa tasnifu, Unguja)

Kwa sababu ya mama mmoja wa Micheweni. Nilikuwa katika utafiti fulani, fomu imetafsiriwa mjini na watu wa digrii zao, imepita kila mahali. Nikamsomea: "Umechaguliwa kwa kura kushiriki." Akanyamaza. Akautengeneza mtandio. Akaniuliza polepole, "Kura ya chama gani?" Nikaanza kueleza kuwa ni nasibu, neno ambalo mume wake alilielewa kuwa ni nasaba, akataka kujua tumewachunguza ukoo wao kwa sababu gani. Mwaka wenyewe ulikuwa wa uchaguzi. Kijiji kizima hatukupata mtu.

Kamati ya maadili ya utafiti wa afya, ZAHREC, hutaka fomu ya Kiswahili, lakini kamati haiwezi kukaa kitako na mama yule. Andika kama utakavyosema: tumetia majina ya nyumba zote kwenye mkoba, tukatoa moja moja bila ya kuangalia, la kwako limetoka, na ukikataa hatuna neno nawe. Kisha msomee bibi yako. Akikuuliza mara mbili, irudie.

Nimepima kichwa cha mtoto tumboni kwa mashine mbili, kubwa ya hospitali na ndogo ya mkononi, wajawazito 60. Uwiano (korilesheni) ni 0.98. Naweza kuandika kuwa zinakubaliana? (Mkunga, Mkoani)

Hapana, bibie, ingawa napenda sana kuona mkunga anatafiti. Sokoni kuna mizani mbili, moja inazidisha nusu kilo kila mara. Pima samaki 60 kwa zote mbili: uwiano wake ni moja kamili, na mnunuzi ameibiwa mara 60. Uwiano unakuambia zinapanda na kushuka pamoja tu.

Wanatakwimu Bland na Altman walilieleza hili katika jarida la Lancet mwaka 1986, na bado kila mwaka linarudi. Kwa kila mjamzito toa kipimo kimoja kwenye kingine, chora tofauti hizo dhidi ya wastani wa vipimo viwili, uone zimeinama upande gani na zimetawanyika kiasi gani. Kisha tumia ukunga wako, si takwimu: milimita 5 za upana wa kichwa ni zaidi ya wiki moja ya mimba. Je, ungekubali mashine ikukosee hivyo kwa mama aliyesahau tarehe zake? Na uniambie pia nani alipima mara ya pili. Kama ni wewe, na namba ya kwanza umeiandika kwenye kiganja, basi hukupima mara mbili.

Nataka tasnifu yangu iwe ya akili mnemba kwenye picha za MRI, lakini nilipo kuna altrasaundi moja tu. Nihamie Dar? (Micheweni)

Hilo swali umelipata kazini au kwenye simu? Mwaka 1956 mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliazimwa hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, siku moja na nusu kwa wiki, kusimamia matumizi ya mada za mionzi. Akaona watibabu wanapanga mionzi kana kwamba mwili ni kitu kimoja, nyama, mfupa na hewa sawasawa. Akajiuliza: ndani ya mwili, kila sehemu inakula mionzi kiasi gani, na nitaijuaje nikiwa nje? Hakuwa na kompyuta ya maana. Alitengenezewa silinda ya alumini iliyozungushiwa mbao, akapitisha miale ya kobalti, akakokotoa. Hesabu zikamuonesha kuwa katikati ya alumini kuna kitu kidogo tofauti. Kuuliza, kumbe waliomtengenezea walitia kijiti cha katikati kisichofanana na alumini nyingine, wala hakuna aliyemwambia. Alichapisha 1963 na 1964, karibu hakuna aliyejali. Hounsfield wa Uingereza alikuja kuifikia CT kwa njia yake mwenyewe, mgonjwa wa kwanza akapigwa London Oktoba 1971, na mwaka 1979 wote wawili wakapewa Nobeli.

Yeye alikuwa na alumini na mbao, wewe una altrasaundi nzima; basi, umemzidi. Kaa nayo mwezi mmoja, andika kila unachokitilia shaka, kisha niandikie. Dar haikimbii.

Nimepata barua pepe kutoka kwa mchapishaji wa Ulaya, anasema tasnifu yangu ni hazina na atanitolea kitabu bure. (Mhitimu, Mombasa Unguja)

Alimwandikia pia jirani yako, kuhusu tasnifu ya ufugaji wa kuku, kwa maneno hayo hayo. Hakuna atakayeihariri wala kuipitia, kitauzwa kwa bei asiyoiweza hata baba yule wa Jang'ombe, na ukishatia saini jarida la maana linaweza kukukataa kuwa imekwishachapwa. Futa.

Maalim, nakutumia picha ya kifua cha mama, nimeipiga kwa simu dirishani. Naomba unisomee. (Bububu)

Mwanangu, mimi sisomi picha za watu kwenye safu, na tarehe umeikata. Lakini nakuona una wasiwasi, kwa hivyo nikuondolee mmoja. Umeandika kuwa moyo "umehamia kulia". Herufi ya L pale pembeni inasomeka kinyume, kama neno AMBULANCE lililoandikwa mbele ya gari ya wagonjwa. Umeipiga filamu kwa nyuma yake. Moyo wa mama uko pale pale ulipokuwa. Hicho kikohozi cha wiki tatu ulichokitaja kwenye mstari wa mwisho ndicho kilichonitia wasiwasi mimi. Mpeleke kesho asubuhi, chukua na filamu yenyewe kwenye bahasha yake, na waambie wampime makohozi.